Siku Tatu Bila Uunsi

Kabla hujaanza kunionea huruma, jaza kikombe chako chai, maana mimi sijafa, na niliyoyapitia hayasomeki kwa koo kavu.

Jina langu Habiba. Nauza uunsi sokoni Iftin, hapa Garissa. Kama wewe ni mtu wa bara na hujui uunsi ni nini, basi pua yako imekaa bure duniani. Ni udi uliopikwa na sukari na manukato. Unaweka kipande juu ya kaa la moto kwenye chetezo, moshi unapanda, nyumba inanukia, nguo zinanukia, mke ananukia. Wangu mimi ukiwashwa Iftin, ngamia walioko mbali huko Bute hupiga chafya. Nina watoto watano, mume mmoja, mama mkwe mmoja anayetosha watatu, na cheti cha sekondari nilichokipata kwenye masomo ya usiku nikiwa na miaka thelathini na sita, nimekaa dawati moja na askari jela mstaafu aliyekuwa akikoroma mpaka mwalimu anasimamisha hesabu. Nakwambia haya ili ujue anayekuandikia si daktari. Mambo ya kidaktari waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakwambia ya benchi, ya mwili na ya nyumbani.

Yalianza na mvua za Deyr, zile za mwisho wa mwaka. Nilitokwa na maji. Kwanza yalikuwa mepesi, nikasema ni joto. Halafu yakapata rangi, nikasema ni uchovu. Halafu yakapata harufu, na hapo sikusema kitu tena. Kukawa na matone ya damu pia, kila nikishakuwa na mume wangu.

Mwanamke mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilikuwa na gunia zima la uunsi. Kwetu mwanamke husimama juu ya chetezo, dera ameliachia limemfunika kama hema, moshi unamwingia mwilini kote. Watu hufanya hivyo jioni. Mimi nikafanya asubuhi, adhuhuri, alasiri na jioni. Nilijifukiza mpaka nikawa kama nyama ya kukaushwa. Juu ya hayo nikawa najiosha kwa ndani na maji ya chumvi na majani ya mkunazi yaliyosagwa. Deyr ikapita hivyo. Jilaal ikaja, kile kiangazi ambacho hata nzi hutafuta kivuli, nayo ikapita. Nilikuwa mwanamke mwenye kunukia vizuri kuliko wote Kaskazini Mashariki, na ndani nilikuwa naoza.

Mvua za Gu zilipoanza, nesi mmoja anayeitwa Mwende alikuja sokoni na hema na wenzake wawili. Mkamba, mfupi, sauti ya kuita ng'ombe. Walikuwa wanatafuta wanawake wa miaka thelathini kwenda juu.

"Mwili una askari," alituambia. "Kitu kibaya kikianza kwenye mlango wa kizazi, wale askari wanakimbilia huko, na wakifika wanaacha alama. Tunachukua ute kidogo kwa pamba na damu kidogo, tunazitafuta hizo alama. Zikiwa nyingi, tunakuita mapema tukuangalie kwa macho."

"Zikiwa nyingi ndiyo kansa?" nikamuuliza.

"Hapana. Alama haikwambii ni kansa. Inakwambia kuna vita mahali fulani, njoo tuangalie ni ya nini."

"Na kama askari wangu wamelala?"

"Ndiyo maana hata zikiwa chache bado tunakupima kwa njia ya kawaida. Askari hatuwaachii nyumba peke yao."

Nitasema ukweli: sikukubali kwa sababu ya hekima. Nilikubali kwa sababu ya mdomo. Wanawake wa safu yetu walikuwa wamejificha nyuma ya magunia, wanasukumana. Nikasema kwa sauti, "Mnaogopa pamba? Mimi kesho niko pale." Kesho yake ningeenda wapi tena, na soko zima limesikia?

Basi nikajitayarisha kama mtu mwenye adabu. Kwetu huendi kujifunua mbele ya mtu, hata akiwa nesi, bila kunukia, ni kumdharau. Nikaoga mara mbili, nikajiosha ndani, nikasimama juu ya chetezo mpaka mkaa ukawa majivu, nikavaa dera la Idi. Nilipoingia kwenye chumba chao hospitalini, Mwende alipiga chafya saba. Nilizihesabu.

"Mama, umekuja kupimwa ama kuolewa?"

"Nimekuja safi."

"Umejiosha ndani?"

"Vizuri kabisa, kwa chumvi."

Akaweka pamba yake chini. "Basi umenifutia kila kitu. Nitapata chumvi na moshi. Nenda nyumbani. Siku tatu: usijioshe ndani, usijifukize, usikutane na mzee. Maji ya nje peke yake. Siku ya nne uje jinsi ulivyo."

"Siku tatu? Dada, mimi ni muuza uunsi."

"Uuze. Usijifukize."

Ilisikika rahisi. Lakini sikiliza ilivyo kwetu. Jioni mke akiwasha chetezo, anamwambia mume na majirani na Mungu wake kwamba nyumba hii ina amani. Mwanamke asiyejifukiza ana moja kati ya mawili: ana ugomvi, au ana msiba. Mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi, hagusi manukato kabisa. Hilo nalijua tangu utotoni. Nilisahau tu kwamba mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Ayeeyo, yaani bibi, analijua zaidi.

Jioni ya kwanza alikaa kwenye mkeka wake, pua juu, anasubiri.

"Naa Habiba. Mkaa umeisha?"

"Upo, Ayeeyo."

"Uunsi umeisha?"

"Nina gunia."

Akashika tasbihi. "Basi nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mwanangu yuko hai? Nimemwona asubuhi akinywa chai."

"Yuko hai, yuko soko la mifugo."

"Basi mwashie chetezo chake."

Sikujibu. Kwa mtu kama mimi, kutojibu ni kazi ngumu kuliko kupanda mlima na jiwe la kusagia kichwani.

Siku ya pili, harufu ikatoka. Miezi sita nilikuwa nimeifunika na sasa ilikuja kudai nafasi yake. Abdi, mume wangu, ni dalali wa mbuzi; alirudi adhuhuri, akaketi chumbani ale, akainua kichwa.

"Kuna kitu kimefia chini ya kitanda?"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kutania. Utani haukuja. Nikamwambia yote: maji, damu, chumvi, majani, moshi wa mara nne kwa siku. Akaweka mkono juu ya sahani ya wali na kuusahau pale.

"Tangu lini?"

"Tangu Deyr."

"Na mimi nalala hapo kila siku nikisema nimeoa bustani." Akatazama mkono wake. "Habiba, mimi mbuzi nikimnunua namfungua mdomo, naangalia jino, nambonyeza mgongo, naangalia mpaka chini ya mkia. Mke wangu nimenusa moshi tu."

"Umenilinganisha na mbuzi?"

"Mbuzi nimemfanyia vizuri zaidi."

Hapo ndipo nilipolia, na hapo ndipo nilipoacha kuona haya. Siku zote nilidhani akijua ataniepuka. Alihamisha mto wake, ni kweli, lakini aliuhamishia upande wa dirisha, karibu yangu, akafungua dirisha.

Siku ya tatu Ayeeyo alikuja na jeshi: majirani wawili wakubwa kwa umri, na chetezo mkononi, makaa mekundu, uunsi wangu mwenyewe juu yake ukitoa moshi kama kiwanda. Akakiweka katikati ya ua.

"Simama hapa juu."

"Siwezi, Ayeeyo. Mpaka nipimwe kesho asubuhi."

"Mnasikia?" akawaambia wenzake. "Anamkalia mwanangu eda na mwanangu anatembea! Anamwitia kifo mchana!"

"Nesi amesema nisijifukize."

"Nesi amezaa wangapi?"

Nilichukua ndoo ya maji ya kufulia nikaimwaga yote juu ya chetezo. Ule mvuke uliopanda, wallahi, ungesema mji wa Rhamu umeungua wote. Wale majirani walikimbilia ukutani. Nikawaambia:

"Kama ni msiba, ni wangu mwenyewe mnaonipikia! Ninaoza ndani, na mnataka niingie kaburini nikinukia vizuri. Nimebakiza siku moja. Niacheni ninuke!"

Abdi alikuwa amesimama mlangoni. "Hooyo," akamwambia mama yake, pole pole, "mimi niko hai. Huyu ndiye tunataka abaki hai."

Ayeeyo aliokota chetezo chake kilicholowa akaingia ndani. Hakula chakula changu kwa siku nne.

Asubuhi ya nne nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali. Benchi lile ni refu kama barabara ya kwenda Mandera, na juu yake kuna feni inayofikiria kwanza kabla ya kuzunguka. Kila mwanamke amejifunika mpaka macho ili asijulikane. Bure! Garissa tunajuana kwa viatu. "Nimekuona, muuza maziwa," "Nimekuona pia, nyamaza," na zamu ikasogea.

Hapa nataka niseme na wewe ambaye ulikatwa kama mimi. Nilikatwa na kushonwa nikiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo, kila aliyegusa sehemu ile, mkunga au bwana harusi, alifanya alivyoona yeye. Hofu yangu kubwa ilikuwa hapo, si kansa. Mwende alitazama, hakushangaa, hakuniuliza maswali ya kunitia aibu. Alirudisha chombo alichokuwa nacho akachukua kingine kilicho kidogo zaidi. "Wewe ndiye utasema simama," akaniambia, "nami nitasimama." Nikasema simama mara mbili. Akasimama mara mbili. Umri wangu wote, kwa sehemu ile ya mwili wangu, hakuna aliyewahi kusimama nikisema. Nililipa deni la machozi ya miaka thelathini na tano kwenye mto wa hospitali, halafu nikamwambia endelea.

Wiki mbili baadaye simu ikalia nikiwa sokoni. "Mama Habiba, askari wako wamekimbilia mlangoni kwa wingi. Njoo kesho."

Kesho yake walipaka siki, siki ya kawaida ya jikoni, kwenye mlango wa kizazi, na pale palipokuwa na ubaya pakageuka peupe. Mwende alinionyesha kwenye kioo: kidoa, si kikubwa kuliko ukucha wa mtoto. Mimi niliyekuwa natarajia joka! Wakakata kipande kidogo, wakakituma kupimwa, nikangoja. Kungoja majibu ni ugonjwa mwingine kabisa, na hauna hospitali. Niliuza uunsi kwa kipimo kibaya mwezi mzima. Kuna watu Garissa bado wanafukiza vile vipande.

Daktari aliyenipa jibu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vibaya. "Ni kansa. Ni ndogo na bado iko mlangoni, haijatoka. Tukitoa kizazi sasa, tunatarajia kuitoa yote. Tukichelewa, sitakuahidi."

Nyumbani kukawaka. Ayeeyo alikuwa ameanza tena kula, na chakula kilimpa nguvu. "Kizazi ni amana ya Mungu. Ndugu yangu yuko Rhamu, ana shamba kando ya mto Daua, anajua mizizi. Miezi mitatu tu, ujaribu." Majirani wakaleta yao: mume bado ana nguvu, atataka watoto, atatafuta mwingine. Kila jioni walikuja kunywa chai yangu na kukizika kizazi changu nikiwa nimekaa palepale. Nikawauliza, "Miezi mitatu hiyo, kansa nayo itaenda Rhamu kupumzika, ama itaendelea na kazi?" Chai waliimaliza.

Hospitalini, karani aliyekuwa na fomu alinitazama juu ya miwani. "Mzee wako aje atie sahihi."

"Yuko pale kwenye benchi. Lakini kizazi hakimo tumboni mwake."

"Mama, huku ndivyo tumezoea."

"Nipe kalamu."

Nilisoma ile karatasi yote, kila mstari, na pale nisipoelewa nikauliza, na foleni nyuma yangu ikanung'unika mpaka mwisho wa jengo. Halafu nikatia sahihi yenye mikia miwili na nukta, ile niliyoifanyia mazoezi usiku wa masomo wakati wengine wakikoroma. Abdi alipiga makofi peke yake. Askari wa mlangoni akamwambia atulie.

Nilipasuliwa wakati wa Hagaa, ule msimu mkavu baada ya Gu, upepo ukipiga vumbi kwenye madirisha ya wodi. Sikumbuki chochote ila baridi ya kile chumba na kuamka nikiuliza nani amelinda meza yangu sokoni. Siku kumi nilitembea na mpira wa mkojo chini ya dera, na mfuko wake mkononi kama mwanamke anayetoka kununua siki. Kovu langu limelala chini ya kitovu kama tabasamu la mtu mwenye dharau. Nilichoka uchovu ambao sikuujua hata nikizaa. Kuna siku nilishindwa kuinua chetezo kitupu.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Sahra, mama kutoka kambi za Dadaab, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye. Kansa yake ilikuwa imeshatoka mlangoni. Walikuwa wanamwandaa kwenda Nairobi kupigwa mionzi. Nilimuuliza alikawia kwa nini.

"Nilikuwa nafukiza, abaayo, dada yangu. Miaka miwili. Hata mume wangu hakujua."

Nikamgeukia. "Uunsi wa wapi?"

"Nilikuwa naagiza huku Garissa. Kuna mama mmoja Iftin, uunsi wake hauna mpinzani."

Maisha yangu yote nimetafuta sifa. Nikaigeukia dari. Halafu nikamwambia, "Sahra, huyo mama ni mimi."

Akacheka mpaka akashika tumbo, muuguzi akaja kuangalia. "Wallahi ulikuwa mzuri," akasema. "Mzuri sana. Ungeuza mbaya, ningekuja mapema."

Hakusema kwa chuki. Hiyo ndiyo inayoniamsha usiku. Alikwenda Nairobi, amerudi, bado anapigana. Tunaongea kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananitukana kwanza ndipo ananisalimia.

Nyumbani, mtu aliyemwaga mfuko wangu wa mkojo kila asubuhi alikuwa Ayeeyo. Sikumwomba. Siku ya kwanza nilipojaribu kumzuia alinipiga mkono. "Mkojo ni mkojo. Lala." Usifikiri tumepatana. Mpaka leo anawaambia wageni kwamba niliibiwa kizazi mchana kweupe nikiwa nimeshika kalamu. Mimi namsahihisha, yeye ananipuuza, Abdi anatoka kwenda kwa mbuzi.

Sokoni nimepunguza mdomo wa kujisifu na kuongeza wa kuuliza. Mwanamke akija akainama akanong'ona, "Nipe ile kali kabisa," namuuliza, "Ya nyumba, ama ya kuficha?" Wako wanaonitukana wakaondoka. Mmoja aliitemea mate meza yangu. Waende, watanunua kwingine, na Mungu amwongoze na huyo muuzaji awaulize vilevile. Lakini wako wanaosimama, macho yanajaa, na hao nafunika meza kwa turubai tunaenda pamoja mpaka kwenye lile benchi. Nimefunika meza mara nyingi. Abdi anasema sasa mimi ni muuza turubai.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unatokwa na maji yasiyoeleweka, au damu isiyo ya zamu yake: usioshe, usifukize, usiombe ushauri wa wanywa chai. Kaa hivyo hivyo siku tatu, nenda. Na hata kama husikii chochote, nenda, maana wenye bahati kunishinda mimi ni wale waliogunduliwa kabla hawajanuka. Utaambiwa unajivunjia heshima. Mimi nimenuka mbele ya mume, mama mkwe na majirani wawili, na heshima yangu iko hapa nimeikalia.

Juzi nilikuwa kliniki tena. Gu imerudi, njia yote ilikuwa matope, na nilikuwa na hofu, sitakudanganya. Hofu ya kupimwa haizoeleki. Nilisema simama mara moja tu. Mwende alitazama, akatazama tena, akachukua muda wake mpaka nikataka kumrushia kiatu.

"Safi," akasema.

"Rudia."

"Safi, Mama Habiba. Rudi baada ya miezi sita." Akaandika kwenye kitabu changu.

"Andika na ile ya baadaye."

Akaandika.

"Na ya mwaka ule mwingine. Na unaofuata."

"Mama, kurasa zimeisha."

"Basi fungua kitabu kingine."